Mchango wa Kikundi cha Haki: Maswali ya Watu wa Sori

Tuitishe mchango lini?

Siku za giza. Omena, dagaa wetu wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitawala samaki hawaijali taa tena. Mitumbwi hukaa ufuoni Karungu, na mifuko hukauka kuanzia kwa mwenye boti hadi kwa mama anayeanika omena. Harambee ya siku hizo hujaa ahadi. Epukeni pia Aprili hadi Julai, omena wanapofungiwa wazaliane, na Januari, mwezi wa karo. Kikundi kinachotetea wajane waliofukuzwa shambani, au akina mama waliochoshwa na jaboya, ile ya mvuvi kudai ngono ndipo auze samaki, kinategemea shilingi hizo hizo za ufuoni, kwa hiyo kiangalie mwezi kabla ya kuchapisha kadi.

Ni lazima tusajiliwe?

Kuungana ni haki yenu chini ya Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010. Tatizo ni benki, ambayo haifungui akaunti ya kikundi bila cheti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Beba katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na orodha ya wanachama hadi ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mnaotaka kukua na kuwa shirika kamili, someni Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma. Ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024 tu.

Pesa zitumwe kwa simu ya nani?

Si ya mwenyekiti, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Pesa ya mchango ikichanganyika na ya unga na ya nauli, hakuna atakayeweza kuzitenganisha, na mwenyewe pia hataweza. Ombeni nambari ya Paybill iliyofungwa kwenye akaunti ya kikundi, yenye watia sahihi watatu wasio wa boma moja. Kila anayetuma, awe Migingo au Nairobi, hubaki na ujumbe wa M-Pesa kama risiti yake. Anayetoa pesa taslimu aandikiwe risiti palepale, hata kama ametoa shilingi 20.

Mheshimiwa anataka kuwa mgeni wa heshima. Tumkubali?

Mimi ningemshukuru kisha nikamwomba atume mchango wake kama jirani mwingine yeyote. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikwisha kuwawekea viongozi mipaka katika harambee, na Julai 2024, maandamano ya vijana yalipopamba moto, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa umma wasishiriki tena. Lakini acha sheria kando kidogo. Kesi ya shamba la mjane huweza kumgusa shemeji ya diwani, na malalamiko ya ufuoni huweza kumgusa mwenye boti kumi. Aliyetoa nusu ya bajeti hana haja ya kuwakataza kusema. Mtajikataza wenyewe.

Harambee moja kubwa, au kidogo kidogo kila mwezi?

Kidogo kidogo, kwa sababu kesi za haki huchukua miaka. Waogiek wa Mau walipeleka malalamiko yao ya kufukuzwa msituni kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2009. Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na amri ya fidia, jumla ya shilingi milioni 157.85, ikatoka tarehe 23 Juni 2022. Hiyo ni miaka 13 ya nauli, nakala na mikutano, na harambee ya Jumamosi moja haiwezi kuibeba.

Huku kwetu akina mama wanajua nyoluoro, ile ya kuchangiana kwa zamu. Ongezeni bakuli la pili ambalo halina zamu. Watu 30 wakitoa shilingi 50 kwa mwezi, mwaka unaisha na shilingi 18,000. Si nyingi, lakini zinatosha kumfikisha mjane mahakamani Migori mara kadhaa bila kumpigia mtu yeyote magoti. Nazo hazina masharti.

Na wafadhili?

Wapo. KCDF (Kenya Community Development Foundation), taasisi ya Kenya iliyoanzishwa 1997, imejulikana kwa kuongeza juu ya kile ambacho jamii imekwisha kukusanya. Daftari la bakuli lenu ndilo barua yenu ya maombi. Hazina ya Wanawake na Hazina ya Uwezo ni mikopo ya biashara. Mkope huko mnunue omena, ila si kugharamia kesi.

Tutumie picha ya mama tunayemchangia?

Hapana, labda kama yeye mwenyewe ameomba, na aulizwe tena siku ya pili akiwa peke yake. Sori ni ndogo. Bango lenye uso wa mama aliyekataa jaboya litamfikia mvuvi yule yule kabla ya saa sita mchana, na kesho yake atakuwa anatafuta samaki ufuo mwingine. Semeni tatizo, semeni kiasi kinachohitajika na kazi yake, kwa Kijaluo kinachoeleweka.

Hesabu zisomwe wapi?

Ufuoni, ambako pesa zilitoka. Zisomwe kila mwezi na mtu asiyezishika: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na deni la nani bado halijalipwa.