Michezo ya Nje na Malezi ya Kujidhibiti kwa Vijana Balehe Wadogo

Utangulizi

Mzazi anapofika kliniki na mtoto wa miaka 12, malalamiko mara nyingi huwa yale yale: mtoto hatulii darasani, hugombana na wenzake kwa jambo dogo, na akiambiwa asubiri hukasirika. Nyumbani ameitwa mkaidi. Shuleni amechapwa, kisha akanyimwa mapumziko. Adhabu hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa upya, kwa kuwa humwondoa mtoto mahali ambapo uwezo anaodaiwa kuukosa hujengeka vizuri. Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya michezo ya nje, masomo ya nje ya darasa na kujidhibiti kwa watoto wa miaka 10 hadi 14.

Kujidhibiti ni nini?

Kujidhibiti ni uwezo wa kuzuia msukumo wa ghafla, kuvumilia kusubiri, kutuliza hasira na kuendelea na kazi hata inapochosha. Uwezo huu hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo hukomaa polepole, na huendelea kukomaa hata mtu anapovuka umri wa miaka 20. Wakati wa balehe, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na hamu ya raha huchangamka mapema, ilhali ile ya kuzuia bado inajengwa. Ndiyo maana mtoto aweza kujua kuwa kukimbia barabarani ni hatari, lakini akakimbia kwa sababu wenzake wanamtazama. Maarifa anayo, kinachopungua ni uwezo wa kuyatumia kwa wakati.

Umuhimu wake kwa afya

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia zaidi ya watu 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliokuwa na uwezo mdogo wa kujidhibiti utotoni walikuwa na matatizo zaidi ya afya, utegemezi wa vilevi na madawa ya kulevya, na shida za kifedha walipofikia miaka 32. Jambo la kutia moyo ni kwamba wale ambao uwezo wao uliongezeka kadiri walivyokua walikuwa na hali bora kuliko ilivyotarajiwa. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi peke yake kuwa kitu kimoja kilisababisha kingine, lakini unaonyesha kuwa tabia ya utotoni si hukumu ya maisha.

Mchezo unavyofundisha

Mchezo wa kombolela ni mfano mzuri. Mtoto aliyejificha hutamani kuchungulia, kucheka au kukimbia mapema, lakini akifanya hivyo hunaswa. Hulazimika kutulia, kupima umbali, kumtazama anayetafuta na kuchagua wakati wa kutoka mbio ili awakomboe wenzake. Katika rede, aliye katikati hukwepa mpira huku akifuata kanuni, na akipigwa hutoka, hata kama roho inamuuma. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza jambo hili katika miaka ya 1930: katika mchezo mtoto huikubali kanuni kwa hiari, na kuitii kanuni hiyo ndiko kunakompa furaha. Fimbo haiwezi kuleta mafunzo ya namna hiyo, kwa maana mtoto anayetulia kwa kuogopa fimbo hutulia mpaka mwenye fimbo aondoke.

Masomo ya nje huongeza faida hiyo. Wanafunzi wanaopima eneo la bustani kwa kamba, au wanaotunza kitalu cha mboga kwa zamu, hujifunza kusubiri matokeo na kugawana kazi. Mazingira yenyewe pia yanaweza kusaidia: utafiti mdogo uliofanyika Marekani kwa watoto 17 wenye tatizo la umakini ulionyesha kuwa walizingatia vizuri zaidi baada ya kutembea dakika 20 kwenye bustani ya miti kuliko baada ya kutembea katikati ya mji.

Ushauri kwa wazazi na walimu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Ili muda huo ulee pia kujidhibiti:

1. Mapumziko yasitumike kama adhabu.
2. Watoto waachwe watunge kanuni na kusuluhisha ugomvi wao, mtu mzima akiwa karibu.
3. Wasichana wasiondolewe uwanjani kwa sababu ya kazi za nyumbani au hedhi. Wapatiwe taulo za kike, maji na faragha.
4. Watoto wenye ulemavu washirikishwe kwa kurekebisha kanuni za mchezo.
5. Uwanja ukaguliwe dhidi ya chupa zilizovunjika, mashimo na magari.

Ushauri kwa watoa huduma za afya

Kabla ya kumwita mtoto mtukutu, mtoa huduma aulize kuhusu usingizi, chakula, usikivu, uwezo wa kuona, ukatili na misiba nyumbani. Dalili za kutotulia au kukosa umakini zikidumu kwa miezi 6 au zaidi, zikionekana nyumbani na shuleni, na zikivuruga masomo au mahusiano, mtoto apewe rufaa kwa uchunguzi wa kitaalamu. Mchezo husaidia, lakini haichukui nafasi ya matibabu.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza, ila anywe maji ya kutosha, apumzike mara kwa mara na aepuke joto kali na baridi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu.

Hitimisho

Mtoto asiyejua kusubiri anahitaji mahali pa kujifunzia kusubiri. Uwanja wa shule, bustani na uwazi ulio mbele ya nyumba vinatosha kuanzia. Mzazi aliyefika kliniki akitafuta dawa ya ukaidi aulizwe kwanza swali moja: mtoto huyu hucheza wapi, na nani, na kwa muda gani kila siku?