Kujaza Mafuta Ukivuta Trela: Lipa Mara Moja, Uendelee na Safari

Kama una pikapu na trela nyuma, unajua kituo cha mafuta si mahali pa kuingia na kutoka tu. Lazima ufikirie utageuzia wapi, pampu ipi, nani anakuangalia kwa nyuma, na sasa pia simu: una salio, mtandao uko, Till ni ya nani? Leo tunaipitia safari yote, kuanzia kabla hujawasha gari hadi risiti iko mfukoni.

Nianze na kisa cha nyumbani, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike somo hili.

Usiku wa Mtito Andei

Mjomba wangu anakodisha hema na viti. Pikapu hubeba hema, trela hubeba viti. Ijumaa moja tulitoka Kitengela kuelekea Voi, kuna mazishi Jumamosi saa tatu asubuhi. Mazishi hayasubiri mtu, kwa hivyo tuliondoka mapema tukijua tutafika usiku, tulale kidogo, kisha vijana sita wa huko watusaidie kusimamisha hema alfajiri. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa shilingi 1,500. Jumla 9,000, na pesa hizo zilikuwa kwa simu ya mjomba.

Tulifika Mtito Andei karibu saa tano usiku. Kituo nilichosahau hata kuangalia jina. Dizeli lita 60, shilingi 10,200. Mjomba akalipa kwa Till, akaweka PIN, tukangoja. Meseji haikuja. Mhudumu naye akaangalia simu ya kituo, hakuna kitu.

“Mzee, haijaingia. Rudia tu, hiyo ya kwanza itajirudisha yenyewe.”

Nyuma yetu kulikuwa na lori linapiga honi, na trela yetu imeziba njia. Mjomba akarudia. Tukaondoka.

Kabla hatujafika Voi meseji mbili ziliingia kwa mpigo. Zote mbili zimepita. Shilingi 20,400 kwa mafuta ya 10,200. Alikuwa ameanza na 22,000, akabaki na 1,600.

Tulipiga simu kituoni, tukaambiwa mwenye kuidhinisha marejesho ni meneja, na atakuja Jumatatu. Asubuhi hema lilisimama kwa wakati, vijana walifanya kazi safi, lakini pesa yao haikuwepo. Mjomba alienda kando akaongea na mweka hazina wa kamati ya mazishi. Akakopa 8,000. Alikopa kwa watu waliokuwa wanamzika nyanya yao. Siku ile yote hakuongea sana.

Pesa ilirudi Jumatano. Kwa hivyo haikupotea. Lakini aliniuliza swali ambalo sijalisahau: “Wewe si unafanya kazi na hawa watu wa pesa za simu? Mbona hamkuniambia?”

Sawa, mjomba. Hii hapa.

1. Jua mafuta yako kabla ya safari

Gari linalovuta trela linakula zaidi, kila dereva anajua. Swali ni kiasi gani. Usikisie, pima. Jaza tanki hadi pampu ijikate, andika kilomita, safiri na trela likiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha ujaze tena. Gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita ulizoongeza.

Tuseme bila trela pikapu yako inaenda kilomita 10 kwa lita, na ukiwa na trela inaenda 7. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Bila trela utahitaji lita 48. Ukiwa na trela, karibu lita 69. Kwa bei ya mfano ya shilingi 170 kwa lita, tofauti ni kama shilingi 3,500 kwa safari ya kwenda tu. Ukimpa mteja bei ya usafiri bila kuhesabu hiyo, ni wewe unamlipia.

Angalia pia tanki. Kuna pikapu zenye tanki la lita 76, zingine 80. Lita 69 ukitoa kwa 76, unabaki na saba. Hapo hutaki kushtukia jangwani kati ya Voi na Mariakani. Panga kuongeza njiani ukiwa bado na robo tanki, mahali unapojua kuna vituo vingi: Emali, Mtito Andei, Voi.

2. Jua bei ya siku

Bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa nchini Kenya hutangazwa na EPRA tarehe 14 kila mwezi. Inaanza kutumika tarehe 15 na kuendelea hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei si moja kila mahali. Mafuta huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa, kwa hivyo Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi, na miji ya mbali zaidi huongezwa gharama ya usafiri.

Hii inakusaidia vipi? Mbili. Kwanza, ukisafiri tarehe 14, soma tangazo kabla ya kujaza. Kama bei inashuka kesho, weka ya kukufikisha tu. Kama inapanda, jaza leo. Pili, ukielekea Mombasa hakuna haja ya kujaza hadi shingoni Nairobi, halafu urudi na tanki tupu. Fanya kinyume: jaza ukiwa pwani.

3. Panga salio kabla hujafika kwa pampu

Hapa ndipo wengi wanakwama. Umeshatiliwa mafuta, kisha unagundua salio halitoshi au umefika kikomo cha siku. Kwenye M-Pesa, kwa mfano, tangu Agosti 2023 muamala mmoja hauwezi kuzidi shilingi 250,000, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya 500,000. Kwa mtu wa pikapu moja hiyo ni nyingi. Lakini kama umeshinda ukilipa wasambazaji siku nzima, angalia.

Tenganisha pesa ya mafuta na pesa zingine. Kama una akiba ndani ya simu au laini ya pili, weka malipo ya vijana huko. Mjomba angekuwa na laini ya pili, makosa ya Mtito Andei yangeumiza mafuta peke yake, si jina lake.

Beba pia pesa taslimu kidogo, ya kutosha lita kumi hivi. Mtandao hukatika, na kituo kinachofuata kinaweza kuwa na shida ile ile.

4. Ukiingia kituoni

Kwanza, tafuta njia ya kutoka kabla ya kuingia. Kurudi nyuma na trela kati ya malori usiku si mchezo. Chagua pampu ya pembeni ambayo utatoka ukienda mbele moja kwa moja. Kishale kidogo kando ya picha ya pampu kwenye dashibodi kinaonyesha mfuniko wa tanki uko upande gani.

Kwenye vituo vya malori kuna pampu za dizeli zenye mwendo wa kasi. Zimetengenezewa matanki makubwa. Mdomo wake unaweza kukataa kuingia kwa pikapu, na hata ukiingia dizeli hutoa povu, pampu ikajikata kabla tanki halijajaa. Omba pampu ya kawaida.

Zima injini. Tamka mafuta unayotaka kwa sauti: “Dizeli, jaza.” Angalia mhudumu ameshika bomba gani. Likiingia la petroli kwa gari la dizeli, usiwashe gari hata kidogo. Lisukumwe kando na tanki litolewe. Ukiwasha, gharama inahama kutoka kwa tanki kwenda kwa injini.

Angalia pampu inasoma sifuri na bei kwa lita ni ile uliyosoma kwenye tangazo. Mwishoni, zidisha lita kwa bei. Lita 60 kwa 170 ni 10,200. Kama pampu na mdomo wa mhudumu havikubaliani, uliza hapo hapo.

Kama unajaza mtungi wa jenereta ulio kwenye trela, ushushe chini kwanza. Mtungi wa plastiki ukiwa juu ya trela unaweza kukusanya umeme tuli, na cheche moja inatosha.

Wakati mafuta yanaingia, tanboi azunguke trela: pini ya kuunganishia, mnyororo wa usalama, taa, kamba za mzigo, magurudumu. Apeleke kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko mengine, kuna beringi au breki inalia.

5. Kulipa

Umeona bango la kukataza simu karibu na pampu? Liheshimu. Ngoja bomba lirudishwe mahali pake, kisha sogea hatua chache au ingia ofisini. Hata kama ni haraka. Mtu anayechapa PIN haangalii kinachoendelea kwenye pampu.

Kisha fuata mpangilio huu:

- Soma nambari ya Till kutoka kwa bango la kituo, si kutoka kwa mdomo wa mtu. Siku hizi hata kama laini yako ni ya mtandao tofauti na wa Till, huenda ukaweza kulipa, kwa sababu mitandao ilianza kuunganishwa kwa malipo haya Aprili 2022.
- Soma jina kabla ya kuthibitisha. Liwe jina la kituo au kampuni inayokiendesha. Ukiambiwa “Till iko chini, tuma kwa namba yangu,” kataa kwa heshima. Ukituma kwa mtu binafsi, kituo hakina deni na wewe.
- Ziba PIN kwa mkono, hasa usiku. Usimpe tanboi wala mhudumu akuchapie.
- Ngoja meseji ya uthibitisho, usome kiasi na jina.

6. Meseji isipokuja

Hapa ndipo mjomba alipigwa. Usirudie malipo kwanza. Fanya hivi:

1. Angalia salio. Kama limepungua kwa kiasi cha mafuta, pesa imetoka. Usilipe tena.
2. Kama salio haliwezi kuonekana, angalia orodha ya miamala ya karibuni. Hiyo pia ikikataa, mtandao una shida. Ngoja.
3. Sogeza gari lako upande ili wengine wahudumiwe. Honi ya nyuma isikulazimishe kulipa mara mbili. Mwambie mhudumu: “Niko hapa, siendi popote.”
4. Omba kuongea na msimamizi wa zamu. Andikeni pamoja: saa, kiasi, nambari ya pampu, nambari ya gari, nambari ya simu uliyolipia.
5. Piga simu huduma kwa wateja ukiwa bado kituoni. Pesa ikionekana imeingia, msimamizi atathibitishiwa. Isipoonekana kabisa, ndipo ulipe upya au utumie taslimu.

Na “itajirudisha yenyewe”? Muamala uliofeli hurudisha pesa, ndiyo. Lakini muamala uliochelewa si uliofeli. Ukifika, umefika, na kurudishiwa kunahitaji kituo kikubali. Ukishalipa mara mbili, weka misimbo yote miwili ya muamala, ripoti siku hiyo hiyo, na usifute meseji.

Jihadhari na simu ya kesho yake pia. Mtu akikupigia akisema anataka kukurudishia pesa ya kituo ila umtajie PIN kwanza, huyo ni mwizi. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako.

7. Kama wewe ni mwenye gari na dereva yuko njiani

Badala ya kumtumia dereva pesa ya mafuta, akupigie akiwa kituoni. Akutumie picha ya pampu ikionyesha lita na kiasi, na picha ya bango la Till. Wewe ulipe moja kwa moja ukiwa nyumbani. Dereva haulizwi maswali, wewe hulali na wasiwasi, na rekodi iko.

Omba pia risiti yenye PIN yako ya KRA, na uiombe kabla ya kulipa. Meseji ya malipo inaonyesha pesa ilitoka, lakini kwa kodi haitoshi: tangu Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS ili ikubaliwe. Lita 60 mara tatu kwa mwezi ni pesa ambayo hutaki ihesabiwe kama faida.

Kabla hujaondoka

Mfuniko umefungwa? Meseji imesomwa? Risiti iko? Trela imeangaliwa? Basi nenda polepole, una mzigo nyuma.

Mjomba sasa ana laini mbili na daftari. Mwezi uliopita akiwa Emali meseji ilichelewa tena. Akaegesha kando, akanunua chai, akangoja. Ikaingia baada ya dakika kumi na moja. Alinipigia kunieleza tu hivyo, kisha akaongeza: “Chai ilikuwa shilingi thelathini.” Ukilinganisha na 10,200, hiyo ni nafuu.

Safari njema, na ukikwama, tupigie ukiwa bado kituoni.