Vigae vya Sahani za Kirumi na Alama ya Msalaba

Wapenzi wakatekumeni, kila mmoja wenu anajua kigae. Chungu cha mama kikianguka huvunjika, vipande vyake hutupwa jaani, na kesho yake hakuna anayevitazama tena. Lakini udongo uliochomwa hauozi. Mti huliwa na mchwa, chuma hushikwa na kutu, nguo huoza. Kigae hubaki ardhini miaka elfu na zaidi. Ndiyo sababu wenye elimu ya mambo ya kale, wakichimba mahali palipokaliwa na watu zamani, hukusanya vigae vyote, hata vilivyo vidogo kama ukucha.

Leo tutazame sahani za mezani zilizofinyangwa katika dola ya Warumi, hasa zile za nchi iitwayo sasa Tunisia. Wafinyanzi wa huko walifanya kazi hiyo tangu mwisho wa karne ya 1 mpaka karne ya 7. Walifinyanga kwa gurudumu, wakaipaka sahani udongo laini sana uliochanganywa na maji, kisha wakaichoma katika tanuri lililoingiza hewa ya kutosha. Chuma kidogo kilichomo katika udongo, kikipata moto pamoja na hewa, huleta wekundu. Basi sahani ilitoka tanurini nyekundu na yenye kung'aa. Mama zetu huchoma vyungu uwanjani juu ya kuni, navyo hutoka na madoa meusi pale vilipokosa hewa. Aliyeona kazi hiyo ataelewa upesi ubora wa tanuri.

Umbo la sahani nyingi waliliiga kutoka sahani za fedha za matajiri, ili mtu wa kawaida naye ale katika chombo kizuri. Hapo namkumbuka Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 na kufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo. Rafiki yake Possidius, aliyeandika maisha yake, anatueleza kwamba mezani kwake vijiko tu vilikuwa vya fedha. Vyombo vingine vilikuwa vya udongo, vya mti au vya marumaru. Wala hakufanya hivyo kwa sababu ya umaskini, bali kwa kupenda mwenyewe.

Sahani hizo nyekundu zilisafiri sana. Vigae vyake vimeonekana Tintagel katika Uingereza, na tena Aksum katika Ethiopia. Na katika pwani ya Waswahili? Kusini mwa kisiwa cha Unguja kuna mahali paitwapo Unguja Ukuu, bandari ya zamani sana. Mtaalamu Abdurrahman Juma alichimba pale, na mwaka 1996 alitangaza kwamba baadhi ya vigae vya Zanzibar ni vya vyombo vya Kirumi vya zama za mwisho, vilivyotoka nchi za bahari ya Mediteranea.

Alijuaje? Midomo ya sahani hubadilika kama mishono ya nguo inavyobadilika. Mwaka 1972 Mwingereza John Hayes alitoa kitabu kilichopanga maumbo ya vyombo hivyo kwa namba na kwa nyakati zake; basi mwenye kipande cha mdomo mkononi hukilinganisha na maumbo hayo.

Sasa fikirini vizuri: kigae cha namna hii kinashuhudia nini? Kinashuhudia kwamba chombo kilifika, nacho hakikuweza kufika kabla ya kufinyangwa. Hakituambii kwamba kilifika mwaka uleule, maana sahani nzuri huweza kutunzwa miaka mingi. Wala hakituambii kwamba Warumi walikaa Unguja. Sokoni kwetu Likasi watu hununua sahani zilizotengenezwa China. Je, kila anayekula katika sahani hizo ni Mchina?

Swali hilo linatuhusu sisi zaidi kuliko tunavyodhani. Tangu karne ya 5 wafinyanzi wa Afrika ya Kaskazini walianza kupiga muhuri wa msalaba katikati ya baadhi ya sahani zao, na wengine wakapiga mfano wa mwanakondoo. Fundi alijua kwamba wanunuzi wake wengi ni Wakristo. Lakini sahani ile ikiuzwa mbali, mpagani pia aliweza kuinunua kwa uzuri wake, akala ugali wake bila kujua maana ya alama.

Nasi wa Katanga, tuliozaliwa juu ya shaba, tuna misalaba yetu ya zamani. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na baadaye Pierre de Maret, walifukua makaburi ya wazee wa kale. Waliona vyungu vizuri ajabu, na kauri za Bahari ya Hindi, iliyo mbali zaidi ya kilometa 1,000. Tena misalaba midogo ya shaba. Darasani nimeulizwa mara nyingi: je, wazee wale walikuwa Wakristo? La. Misalaba mingine ya shaba ya nchi hii ilisubuliwa kabla ya mwaka 1400, na mfalme wa Kongo wa kwanza kubatizwa alibatizwa mwaka 1491, tena mbali sana na hapa. Umbo lile lilifaa kubebwa na kuhesabiwa, na misalaba ile midogo ilitumika kama fedha. Mwaka 1961, siku za kujitenga kwa Katanga, mfano wake uliwekwa tena juu ya sarafu.

Mnaochimba madini kwa mikono, na mnaolima kando ya mito, jembe lenu laweza kugonga chungu kizima au msalaba wa shaba. Msikivunje mkitafuta dhahabu ndani, wala msikiuze kwa mpita njia. Kikishang'olewa, hakuna tena ajuaye kililala na nini, juu ya nini, chini ya nini, na ushahidi wake umekwisha. Kifunikeni kwa udongo, wekeni jiwe la alama, mkamwarifu chifu au mwalimu, ili habari ifike Makumbusho ya Lubumbashi.