Somo la Mwezi Huu: Kuwachukua Wageni Kwenda Kuvua Kilindini



Katika mkutano wetu uliopita wanachama wanne waliuliza suala moja kwa maneno mbalimbali. Je, mtu mwenye mashua yake, au watu watatu walioungana wakanunua boti ya mashine, waweza kupata riziki kwa kuwachukua wageni kwenda kuvua katika mkondo wa Pemba, miezi ambayo hakuna karafuu ya kuchuma? Suala hili ni la haki. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na hapana hata mmoja wetu asiyeujua mwaka wa kutazama majani matupu. Mwenyekiti alinitaka niandike somo juu ya jambo hili. Nami nimeona bora nianze na mambo yaliyonifika mwenyewe, tena si baharini, bali katika Ziwa Nyasa, Mkoa wa Mbeya, ambako nilikwenda kwa ajili ya mchele wa duka letu. Kule mimi nilikuwa mgeni mwenye kulipa, na mwenye chombo hawezi kuijua kazi hii vizuri mpaka aione kwa macho ya mgeni.

Basi la kutoka Dar es Salaam hupita Morogoro na Mikumi, likapanda mlima wa Kitonga wenye kona za kutisha, likafika Iringa. Nililala Iringa kwa mwalimu mmoja niliyesoma naye, na asubuhi yake akafuatana nami pamoja na ndugu yake mdogo, maana skuli zilikuwa zimefungwa. Njiani mwalimu yule alinieleza habari za samaki waitwao trauti, ambao Wazungu waliwaleta zamani za ukoloni wakawatia katika mito ya baridi ya Mufindi. Samaki hao huvuliwa na mtu mmoja mmoja, amesimama ukingoni na fimbo yake. Akipata amepata, akikosa hurudi nyumbani kwa miguu yake, wala hana wa kumlaumu. Sikuyatia maanani maneno yale wakati ule, lakini baada ya siku mbili niliyakumbuka sana.

Kutoka mji wa Mbeya, ulio juu kiasi cha mita 1,700 kupita usawa wa bahari, gari hushuka kupitia Tukuyu penye migomba na chai, mpaka Kyela penye mpunga na kakao. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500, na joto lake ni kama la kwetu. Shughuli ya mchele ilipokwisha tukaenda Matema, pembe ya kaskazini ya ziwa, tukatafuta boti ya kukodi tuvue.

Mwenye boti wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu sana. Tulimwambia twataka mbasa, kwa kuwa ndiye samaki tuliyemsikia sifa zake. Akasema, "Ndiyo, wapo." Tukasema twataka kuondoka saa nne, tukisha kunywa chai. Akasema, "Ndiyo, hapana taabu." Ndugu yake mwalimu akauliza kama chombo kile chaweza kuchukua watu saba, kwani alikuwa amepata rafiki wawili pale ufukweni. Akasema ndiyo tena. Hakutuuliza hata neno moja. Tukafurahi, tukadhani tumepata mtu mwema.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Laiti ningaliuliza! Mbasa huwania kupanda mitoni kutaga wakati wa mvua, na hapo ndipo wenyeji huwapata kwa wingi, si mwezi wa Agosti. Tena kuanzia mwezi wa Mei mpaka Agosti na zaidi huvuma katika ziwa lile pepo kali za kusini, ambazo upande wa Malawi huitwa mwera. Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580, nalo limelala kutoka kusini kwenda kaskazini kama barabara. Basi upepo wa kusini hulisukuma wimbi safari nzima ile bila ya kizuizi, na mwisho wa safari yake ni Matema. Mtu aliyezaliwa kisiwani angalijua kwa kutazama tu. Lakini mimi nilisema moyoni kwamba maji matamu hayawezi kuwa na hasira kama ya bahari.

Tulipofika mbali kidogo na pwani upepo ukaanza. Ilipofika saa sita mawimbi yalikuwa yakiingia chomboni, na mwalimu wangu wa Iringa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda hata mtumbwi, alikuwa amelala chini akitapika, uso umekuwa kama jivu. Jaketi za kujiokolea zilikuwa mbili tu kwa watu wanane. Petroli ikaisha kabla ya kufika. Tulipiga makasia kwa zamu na kuteka maji kwa sufuria ya chai, na wimbi likatutupa ufukweni mbali na pale tulipotoka. Tulikuwa na samaki watatu wadogo. Na hao watatu nao wakazua ugomvi, maana sisi tulisema ni wetu kwa kuwa tumelipa, na kijana akasema ni wake kwa kuwa chombo ni chake. Tuliachana bila ya kupeana mikono.

Jioni ile tulimwendea mzee mmoja mvuvi, tukamweleza. Hakucheka. Tukamwomba atuchukue kesho yake, akasema, "Kesho siendi, wanangu." Tukamwongezea fedha. Akasema, "Fedha hazitulizi ziwa." Kisha yeye ndiye aliyeanza kutuuliza sisi: nani kati yenu anajua kuogelea? Nani aliyetapika leo? Mnataka samaki wa kula, au mnataka kuona uvuvi? Mna siku ngapi za kukaa? Tulipomjibu yote, akatwambia kwamba mwezi hauonekani usiku siku zile, na upepo ukilegea atatuchukua kuona usipa wakivuliwa kwa taa, karibu na pwani. Tukangoja siku mbili. Usiku wa tatu akaja kutugongea mlango, maji yakiwa yametulia kama mafuta katika sahani.

Sitaki kurefusha hadithi, lakini usiku ule sitausahau. Zamani wakitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za jua. Taa huwashwa juu ya maji katika giza, usipa hukusanyika chini yake kwa maelfu wakimeremeta kama sindano, kisha wavu hutandazwa ukainuliwa. Mzee alimkalisha mwalimu katikati ya chombo, ambapo mrusho ni mdogo, akamwambia atazame taa za nchi kavu, asiangalie chini. Hakutapika. Kabla ya kuondoka mzee alikuwa amekwisha kutwambia kwamba usipa ni wa wavuvi, na sisi tutapewa ndoo moja. Tulipewa ndoo moja, wala hapana aliyenung'unika. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya yule kijana, lakini sisi wenyewe tulimwongeza.

Nimekaa nikafikiri juu ya safari mbili hizi. Ziwa lilikuwa lile lile, wageni wale wale, na hata chombo cha mzee kilikuwa kikuukuu kuliko cha kijana. Naona ya kwanza iliharibika pale ufukweni kabla ya kamba kufunguliwa, kwa sababu ya zile "ndiyo" tatu. Mgeni hakodi mbao na mashine tu. Anakodi akili ya nahodha, na sehemu kubwa ya akili hiyo ni kujua kusema "hapana". Sisi katika kazi yetu twalijua hilo. Mchumaji hodari hakubali kupanda mkarafuu uliolowa hata mwenye shamba akimhimiza, nasi hatumwiti mvivu.

Sasa turudi kwetu. Mkondo wetu wafanana na Ziwa Nyasa kwa jambo moja kubwa: kilindi kiko karibu na nchi. Kule milima ya Livingstone huteremka moja kwa moja ikazama ziwani, na kina cha ziwa hufikia kiasi cha mita 700. Huku, kati ya Pemba na bara, kina hufikia kiasi cha mita 800, na ukuta wa kilindi haupo mbali na ufuko wetu wa magharibi. Lakini kuna tofauti yenye faida kwetu. Wataalamu wameona kwamba katika Ziwa Nyasa, chini ya mita 250 hivi, maji hayana oksijeni, basi samaki wote huishi katika tabaka la juu tu. Bahari yetu haiko hivyo. Mikondo hugonga ukuta wa kilindi, ikapandisha juu maji yenye chakula, dagaa hukusanyika hapo, na nyuma ya dagaa huja jodari, nguru, kolekole, na wale wakubwa wenye mdomo wa upanga, nduwaro na sulisuli. Kwa ajili ya hao wageni wamekuwa wakija Shimoni, ng'ambo ya pili huko Kenya, kwa miaka mingi, kuvua katika mkondo uitwao kwa jina la kisiwa chetu.

Nduwaro na sulisuli hupatikana zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi. Jodari huwa wengi kusi linapolegea, Agosti mpaka Oktoba. Mgeni akija mwezi wa Juni akataka nduwaro, mwambie ukweli, umpe mshipi wa kuvulia samaki wa miambani upande wenye kivuli cha upepo, au umwambie arudi Januari. Utakosa fedha za siku moja, lakini hatakutangaza vibaya. Kurambaza kwa chambo cha bandia hutaka mwendo wa noti sita mpaka nane, na mashua ya tanga haiufikii mwendo huo ila kwa upepo mzuri, basi mwenye tanga asiahidi kazi ya mashine. Aahidi kuvua kwa mshipi wa chini, ambako babu zetu walikuwa mabingwa. Tena nahodha awatazame ndege. Pale wanapotumbukia majini kwa vishindo ndipo dagaa walipo, na kila mvuvi wa Pemba analijua hili tangu utoto. Mgeni halijui. Mwelezeni! Mgeni aliyeelezwa kwa nini chombo kinageuka hufurahi hata kabla ya kupata samaki, na asiyeelezwa hudhani mnapoteza petroli yake.

Juu ya petroli, desturi nzuri ni kuigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe ila kwa dharura. Gharama yake iingizwe katika bei tangu mwanzo.

Samaki ni wa nani? Lisemwe kabla ya kuondoka, mbele ya mashahidi, na likiandikwa ni bora zaidi. Wapo wageni wasiotaka kabisa kuchukua samaki. Wao hutaka nduwaro afungwe alama akaachiliwe, ili akivuliwa tena mahali pengine ijulikane amesafiri umbali gani. Baharia asiyeambiwa hayo mapema ataona chakula cha watu hamsini kinarudishwa majini, na hatanyamaza. Na jodari asiyeachiliwa atolewe damu mara moja, atiwe katika barafu. Samaki huyu damu yake ina joto, na akiachwa juani huingia sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kukaangwa. Mgeni akiugua jioni hatakumbuka uzuri wa asubuhi. Sanduku la barafu si anasa.

Upande wa magharibi wa kisiwa chetu uliwekwa chini ya hifadhi ya mkondo wa Pemba mwaka 2005, pamoja na kisiwa cha Misali. Basi sharti kwanza kuuliza idara ya uvuvi wapi pameruhusiwa na kwa kibali gani, msije mkakamatwa na wageni wenu chomboni, ikawa fedheha.

Ama hesabu ya watu, hapo sitasema mengi. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander I ikiwa imejaza kupita kiasi, ikija kwetu. Jaketi moja kwa kila mtu, na mtu asiyepata jaketi abaki pwani, awe mgeni, awe mtoto wa mwenye chombo. Mimi nimekaa katika boti yenye jaketi mbili kwa watu wanane, na kila mmoja wetu alikuwa akiitazama ya mwenziwe.

Mwanachama anayetaka kuanza kazi hii kabla ya kaskazi ijayo aje ofisini na jina la nahodha wake, kipimo cha chombo na idadi ya jaketi. Tutaandika pamoja karatasi ya mapatano itakayosomwa kwa mgeni ufukweni: saa ya kuondoka, bei na petroli, samaki ni wa nani, na kwamba nahodha akisema turudi, tunarudi, na fedha zitagawanywa namna gani siku hiyo. Hili la mwisho wanachama wawili wamekwisha kulipinga. Wanasema mgeni aliyelipa hawezi kurudishwa nusu ya njia bila ya kurudishiwa fedha zake zote. Mimi sikubaliani nao, kwani nahodha anayejua kwamba akirudi atapoteza kila kitu hatarudi. Basi tutalizungumza mkutanoni.