Matete, Tope Kinyesi na Mayai ya Minyoo

Gari la kunyonya vyoo hubeba tope zito lenye mayai mengi ya minyoo. Pale linapomwagwa ndipo swali la kitabibu huanzia.

Katika Asian Institute of Technology, karibu na Bangkok nchini Thailand, jawabu moja lilijaribiwa kuanzia mwaka 1997. Vilijengwa vitanda vitatu vya mita 5 kwa 5, vyenye tabaka la kokoto na mchanga, vikapandwa mmea wa majini unaofanana na matete. Tope lilimwagwa mara moja kwa juma. Maji huchujika kwenda chini, yabisi hubaki juu. Mashina na mizizi hulitoboa tope lisizibe njia, na kuingiza hewa kwa vijidudu vinavyoozesha. Kitanda cha mchanga mtupu hukwanguliwa mara kwa mara, ilhali hiki huachwa kwa miaka. Kiasi kilichofaa kilikuwa kilo 250 za yabisi kavu kwa mita ya mraba kwa mwaka. Denmark, penye baridi na tope la aina nyingine, huhesabiwa kilo 50 hadi 60. Mmea ulinyauka kwa kiu, ikabidi maji yaliyochujika yazuiliwe kitandani kwa siku 6.

Hapa tabibu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mhandisi. Mayai ya askarisi ni makubwa kuliko bakteria, hivyo hunaswa na kulimbikana katika tope la juu. Maji yatokayo huonekana maangavu (ingawa bado yana bakteria na yahitaji bwawa la kuyasafisha), kumbe hatari imehamia kwenye yabisi. Ganda la yai hulihifadhi udongoni kwa miaka. Kinacholiua ni ukavu, joto na muda. Mkulima akipewa mbolea ya kitanda kilichopokea tope juzi, hupewa mayai hai yatakayopevuka shambani, na mtoto alaye mboga zisizooshwa vizuri huyameza.

Kwa sababu hiyo kitanda hukatiwa tope na kupumzishwa kabla ya kuchimbuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 hutaka chini ya yai 1 hai kwa gramu ya yabisi kavu. Rangi nyeusi na harufu ya udongo si ushahidi: sampuli hupelekwa maabara, mayai hutunzwa kwenye joto kwa wiki kadhaa, kisha huhesabiwa yale yaliyoumba lava ndani. Wachimbuaji nao wavae buti na glavu, kwa maana safura hupenya ngozi.