Mirija Nano ya Kaboni na Gharama ya Lita Moja ya Maji Salama

Mirija nano ya kaboni hujengwa na atomi za kaboni zilizojipanga mfano wa wavu uliokunjwa duara. Kaboni hiyo ni ileile iliyomo katika mkaa na katika kalamu ya risasi. Upana wa mrija hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, aliieleza kwa kina mwaka 1991. Leo hutumika katika betri na plastiki ngumu, na watafiti wameijaribu katika kuchuja maji.

Matumizi haya ya mwisho yanagusa afya moja kwa moja. Katika sehemu za Bonde la Ufa na uwanda wa kati wa Tanzania, baadhi ya visima hutoa maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi, hadi umri wa miaka 8 hivi, huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kuchemsha maji, Nkuhungu au kwingineko, huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hukolea.

Jinsi gharama ilivyoshuka

Hapo mwanzo mirija ilipatikana kwa kupitisha umeme mkali kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mavuno yalikuwa machache na masizi mengi. Nafuu ilikuja ilipoenea njia ya kupitisha gesi yenye kaboni, kama methani, juu ya chembe za chuma, kobalti au nikeli katika tanuri lenye joto la nyuzi 600 hadi 1000 za Selsiasi. Gesi huvunjika na kaboni yake hujijenga kuwa mirija juu ya chembe hizo. Gharama iliyosalia hutokana hasa na nishati, chembe hizo za metali, na kazi ya kusafisha mabaki yake.

Kipimo cha kweli cha unafuu

Mirija iliyopakwa alumina imeonyesha maabara kwamba hunasa floraidi. Hata hivyo, familia hainunui kilo ya mirija, inanunua maji. Bei ya kilo inaweza kushuka na maji yakabaki ghali, ikiwa chujio hujaa upesi. Kipimo cha haki, basi, ni gharama ya kila lita iliyo salama, pamoja na vipuri na upimaji.

Arusha inatoa mifano miwili. Ngurdoto, mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kwa miaka mingi kupunguza floraidi. Naye Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, aliunganisha chujio la mchanga na chembe za nano. Mwaka 2015 alipata tuzo ya pauni 25,000 ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa wabunifu wa Afrika. Funzo lake ni hili: mchanga ubebe kazi kubwa, na kitu cha ghali kitumike kidogo, pale tu kinapohitajika.

Unafuu usiwe kwa gharama ya mapafu. Mirija mirefu na migumu, ikivutwa kama vumbi, imeonyesha katika wanyama madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja, MWCNT-7, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kinga ya mfanyakazi ni sehemu ya bei.

Kwa mhudumu na mgonjwa

Mhudumu anayeona madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto asiharakishe kulaumu mswaki. Aulize kwanza chanzo cha maji, na ashauri sampuli ipimwe maabara. Anayenunua chujio aombe majibu ya kipimo cha floraidi, si cha vijidudu peke yake, na aelezwe ni baada ya lita ngapi kiini chake hubadilishwa. Chujio lililojaa huendelea kutoa maji maangavu yenye floraidi ileile, na jicho haliwezi kuitambua.