Mokambo: habari ndogo za kujua kabla ya kuvuka

Mokambo haina gazeti. Ni mji mdogo wa mpakani katika teritwari ya Sakania, Haut-Katanga, unaotazamana na Mokambo ya Zambia, na Mufulira, mji wa Zambia, iko karibu kiasi cha mtu kwenda asubuhi na kurudi mchana. Redio ya Lubumbashi au Radio Okapi itakupa habari za gavana, za mawaziri na za vita vya mashariki. Haitakuambia kwamba foleni ya malori imeziba barabara tangu jana, wala kwamba mfuko wa unga umepanda. Na hizo ndizo habari zinazoamua kama watoto watakula bukari leo.

Vijijini Uingereza, sheria ya mwaka 1972 inalitaka baraza la kijiji libandike tangazo la kikao chake mahali pa wazi siku 3 kamili kabla ya kukutana. Mtu hupita, husoma, huenda zake. Huku kwetu ubao wa matangazo ni watu: kambisti (mbadilisha feza), mama muuza unga, dereva wa lori, padri au mchungaji anayesoma matangazo baada ya ibada ya Jumapili. Kila mmoja ana habari yake, na anayejua amuulize nani kitu gani hapotezi feza ovyo.

Anza na kambisti, hata kama huna cha kubadilisha. Kwacha ikianza kuwa ghali kwake, ujue unga nao utafuata, kwa sababu sehemu kubwa ya unga wa Katanga hutoka Zambia. Msalimie kwanza, upande huu neno la Kibemba, *mwapoleni*, hufungua midomo kuliko Kifaransa. Kisha uliza bei mbili: anayonunulia kwacha na anayouzia. Ukisikia bei moja tu, bado hujajibiwa.

Kwenye kuhesabu ndipo wengi huumia. Vibunda vya franka vimefungwa kwa mpira, vidole vya kambisti vina kasi, na foleni nyuma yako inakuharakisha. Fungua mpira, hesabu noti moja moja mbele yake. Noti iliyokunjwa katikati ya kibunda huhesabiwa mara mbili ukitazama ukingo mmoja tu. Hesabu ikipungua, akichukua kibunda ili aongeze, hesabu upya tangu mwanzo kikirudi mkononi mwako, maana kinaweza kurudi na noti moja mpya juu na tatu zimetoka chini. Hapo usione haya. Kambisti wa kweli hachukii kuhesabiwa.

Upande wa kwacha, kumbuka tarehe mbili. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye feza yake, kwa hiyo noti iliyoandikwa kwacha 10,000 au 50,000 ni karatasi ya kumbukumbu tu. Tarehe 31 Machi 2025 Benki ya Zambia ikatoa noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500 ambazo hazikuwapo, na zile za zamani zikapewa mwaka mmoja wa kutumika pamoja nazo. Ukipewa kibunda chenye sura mbili tofauti, uliza kabla ya kupokea. Dola nayo itazame pembeni: mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto unatosha kuifanya ikataliwe Kongo, ingawa ng'ambo hakuna ambaye angeuona.

Unga una majira yake. Mahindi ya Zambia huvunwa kuanzia mwezi wa 4, na bei hulegea. Kuanzia Desemba mpaka mavuno mapya, mvua ikinyesha na ghala zikipungua, hukaza. Mwaka 2024 haukufuata kalenda hiyo. Ukame uliunguza mashamba, Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa mwezi wa 2, na Zambia haikutaka mahindi yake yavuke. Mtu wa Lubumbashi alishangaa bei; mama muuza unga mpakani alikuwa ameshaiona kwenye idadi ya mifuko iliyopita. Basi muulize yeye. Usimuulize tu bei ya leo. Muulize mifuko mingapi imeingia wiki hii kulinganisha na iliyopita. Na unapolinganisha bei, hakikisha mnazungumzia unga mmoja, maana brekfesti nyeupe na rola yenye pumba hazina bei moja hata mfuko ukiwa wa kilo 25 wote.

Kuvuka kwenyewe kunataka karatasi na uvumilivu. Upande wa Kongo, dekreti ya mwaka 2002 iliweka huduma nne mpakani: DGM kwa watu, forodha kwa bidhaa na ushuru (zamani OFIDA, sasa DGDA), OCC kwa ukaguzi wa ubora, na huduma ya usafi na afya ya mpakani. Polisi yupo kwa usalama. Wanaosimama njiani wakitaka feza wakati mwingine ni wengi kuliko hao, na ugomvi haukusaidii. Uliza kwa upole, "Papa, wewe ni wa huduma gani?", kisha omba risiti yenye muhuri. Ombi hilo hupunguza bei haraka ajabu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni. Tangu Julai 2016 chanjo moja inakubalika maisha yote, kwa hiyo anayekuambia kadi yako imekwisha kwa kuwa ina miaka zaidi ya 10 amekosea. Ila kadi mpya huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, usichomwe leo ukitaka kuvuka kesho.

Saa ya kufunga mpaka uiulize siku ileile, pande zote mbili. Saa za Mokambo na za Mufulira ni moja. Anayesikiliza redio ya Kinshasa ndiye wa kujihadhari, kwa sababu Kinshasa iko saa moja nyuma yetu.

Mpaka unaweza pia kufungwa bila kukuuliza. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Kongo ilipozuia vinywaji kutoka Zambia na madereva wakaandamana Kasumbalesa, serikali ya Zambia ilifunga vituo vitatu kwa mpigo: Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Mazungumzo yalivifungua baada ya siku chache, lakini siku chache kwa mwenye nyanya kwenye beseni ni mtaji mzima. Weka pembeni feza ya kulala na ya kurudi kabla hujanunua mzigo. Nchi mbili zikianza kuzozana juu ya bidhaa yoyote, hata isiyokuhusu, punguza mzigo wiki hiyo.

Barabarani, tazama pande zote mbili, kisha tazama tena. Zambia magari hupita kushoto kama walivyoachiwa na Waingereza, Kongo hupita kulia, na Mokambo ndipo dereva anapobadilisha mkono. Wazambia wengi hupita hapa bila kuja Kongo kwa shughuli yoyote: wanakata takriban kilomita 70 za ardhi yetu kutoka Mufulira hadi daraja la Levy Mwanawasa kule Chembe, lililochukua nafasi ya kivuko mwaka 2008, ili wafike jimbo lao la Luapula. Dereva mwenye usingizi hurudi kwenye upande aliouzoea. Mwenye baiskeli ya makala asubuhi na mapema akae nje kabisa ya lami.

Kuna lori moja la kulijua kuliko yote. Migodi ya Katanga hutumia asidi ya salfuriki kuyeyushia madini, na nyingine imekuwa ikija kwa tangi kutoka Zambia. Namba ya kimataifa ya asidi hiyo, inayoandikwa kwenye tangi, ni 1830. Ifundishe kwa watoto. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi lilipata ajali na watu takriban 20 wakafa. Tangi likianguka, usikimbilie na ndoo ukidhani ni mafuta. Ondoka kuelekea upande ambao upepo unatokea, si unakoelekea, na uwazuie wengine. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo mara moja na amwagiwe maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, macho pia, hata akilia kwamba inatosha. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mnapofika hospitali, tajeni namba iliyokuwa kwenye tangi.